Maonyesho Yamekua, Fundi Je?

Najua nimepotea. Ripoti mbili, mtihani mmoja na baridi ya Chicago isiyo na adabu, vyote vilinikamata wiki moja. Nilikuwa nimewaahidi habari za bwenini, zile za jiko la pamoja na nani anaiba maziwa ya nani. Zitasubiri. Leo nina hasira, na hasira ukilala nazo siku mbili zinageuka ugonjwa, kwa hiyo nazimwaga hapa.

Zimeanzia darasani. Kwenye kozi yetu ya mipango miji, mhadhiri alitupa mfano wa maonyesho ya kazi za mikono yanayoitwa Renegade Craft Fair, kama ushahidi kwamba ubunifu unaweza kuinua mtaa. Jamaa mmoja wa kitivo cha biashara akadakia: hiyo inathibitisha kwamba kitu kizuri kinakua, na kisichokua kinakufa. Darasa likatikisa vichwa kukubali. Nikanyoosha mkono, kipindi kikaisha. Hapa kipindi hakiishi, kwa hiyo vuteni viti.

Kwa ambao hamyajui, historia kidogo. Renegade yalianza mwaka 2003 hapa hapa Chicago, mtaa wa Wicker Park. Waanzilishi ni marafiki wawili, Sue Daly na Kathleen Habbley. Walikuwa na vitu vyao vya mikono na hawakuona maonyesho yanayowafaa. Yale ya sanaa yalitaka wachoraji wa rangi za mafuta na wachongaji wenye majina. Yale ya kanisani na mashuleni yalikuwa ya akina bibi na vitambaa vyao vya kudarizi. Katikati hapo kulikuwa na kizazi kizima cha vijana wanaochapa fulana jikoni kwao, wanaoshona mikoba kwa mapazia ya zamani, wanaotengeneza hereni kwa vifungo vya makoti, na hakuna mlango uliokuwa umeandikwa jina lao. Wakatengeneza mlango wao wenyewe. Mwaka wa kwanza kulikuwa na wauzaji 75. Kiingilio bure.

Hawakuwa peke yao. Boston walikuwa na Bazaar Bizarre tangu 2001. Milwaukee, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa kwa gari, Faythe Levine alianzisha Art vs. Craft mwaka 2004, halafu akazunguka Marekani na kamera akiwahoji mafundi. Alitoa kitabu cha Handmade Nation mwaka 2008 na filamu yake 2009. Ilikuwa harakati kabisa. Watu walisema wazi: tumechoka kununua vitu visivyo na mwenyewe, tunataka kumwona aliyeshona.

Halafu kukua kukaanza. Mwaka 2005 Renegade yakafika Brooklyn, New York, ndani ya bwawa la kuogelea la McCarren ambalo lilikuwa limefungwa tangu 1984. Hebu pata picha: bwawa kubwa, kavu, na badala ya maji kuna meza za mafundi. Mimi hiyo peke yake ningelipa nauli kwenda kuiona. Mwaka 2008 wakaenda San Francisco, 2009 Los Angeles, 2011 wakavuka bahari hadi London. Na hapa Chicago penyewe zile meza 75 zikawa mamia, na barabara ya Division ikawa inafungwa kwa ajili yao.

Sasa msinielewe vibaya. Nawapongeza, tena kwa dhati. Wasichana wawili bila ruzuku ya serikali, bila baba tajiri ninayemjua, wametengeneza kitu kilichowapa watu wengi sana hela ya kodi ya nyumba. Na kuna kundi la pili linalonikera hata kuliko yule jamaa wa biashara: wale wanaosema Renegade waliuza roho siku walipopanda ndege kwenda New York. Hao kwao fundi wa kweli ni yule mwenye njaa. Umaskini sio cheti cha usafi jamani! Fundi naye ana mwenye nyumba, naye ana meno yanayouma.

Ninachokataa ni hili neno "kukua" kutumika kana kwamba wote waliomo ndani wanakua kwa pamoja. Maonyesho yakikua, ni nani hasa aliyekua? Mwenye maonyesho? Mwenye nyumba wa mtaa ule? Mnunuzi, ambaye sasa ana meza mia tatu za kuchagua badala ya sabini na tano? Au yule aliyekaa nyuma ya meza?

Tupige hesabu. Nina rafiki hapa chuoni, mfinyanzi, na nimeshamsaidia kubeba maboksi yake mara kadhaa (mgongo wangu ni shahidi). Namba ninazoweka ni za mfano tu, nimezikadiria ili muone umbo la jambo, msizipeleke mahakamani. Tuseme meza ni dola 600. Ada ya maombi 30. Kukodi hema na bima 150. Gari, mafuta na pa kulala kama maonyesho yako mji mwingine, 500. Jumla 1,280, na hajauza kitu. Kikombe chake kimoja ni dola 35. Toa udongo, rangi na tanuri, tuseme 8, anabaki na 27. Gawanya. Anatakiwa auze vikombe 48 ndipo apate haki ya kuanza kujilipa. Kama kila kikombe kimemla saa moja kuanzia kukanda hadi kupaka rangi, hiyo ni wiki nzima ya kazi na zaidi, ameifanya kwa ajili ya kulipia mahali pa kusimama!

Sasa angalia upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo. Meza mia tatu mara dola 600 ni 180,000, na zimeingia kabla mteja wa kwanza hajatia mguu. Najua mtasema vyoo vya kukodi vina bei, walinzi wana bei, kibali cha kufunga barabara kina bei, matangazo yana bei. Kweli kabisa. Kuandaa maonyesho ni kazi ngumu na anayeifanya anastahili kulipwa vizuri. Swali langu ni moja: mvua ikinyesha Jumamosi na Jumapili, nani analowa? Mwandaaji ameshalipwa. Fundi amebaki na vikombe vyake na hema linalovuja. Hasara yote imekaa upande mmoja wa meza.

Na hiyo ada ya maombi ndiyo inayonichefua zaidi. Maonyesho mengi ya aina hii, kwa sababu ni maarufu na nafasi ni chache, yana jopo la kuchagua. Unatuma picha za kazi zako pamoja na hela. Ukikataliwa, hela hairudi. Rafiki yangu alikataliwa na maonyesho mawili msimu mmoja (siyataji, na siyo haya ninayoyaongelea), akapata barua pepe ya mistari mitatu ya kumtakia heri. Fikiria mantiki yake: kadri maonyesho yanavyokuwa maarufu ndivyo wengi wanavyoomba, kadri wengi wanavyoomba ndivyo wengi wanavyokataliwa, na kila anayekataliwa ameacha hela mlangoni. Yaani kukataa watu kumegeuka mapato. Mlango uliojengwa na watu waliokosa mlango, leo unatoza kwa kubisha hodi.

Mkisikia hivyo mtasema basi na hivyo vitu vyenyewe vinakuwa bora, si kuna jopo? Mh. Nendeni mkaangalie. Anayelipia meza kwa hela ya mkopo hawezi kujaribu kitu kipya, ataleta kile kilichouzika mwaka jana. Jirani yake anaona kinauzika, naye analeta. Baada ya misimu michache kila meza ya tatu ina mshumaa ule ule kwenye kopo lile lile. Mwaka 2011 kipindi cha vichekesho cha Portlandia kiliwacheka mafundi wanaobandika picha ya ndege kwenye kila kitu na kuita usanii. Watu walicheka kwa sababu walijua ni kweli. Ila ndege wale hawakuletwa na uvivu wa mafundi. Waliletwa na bei ya meza.

Haya, sasa niingie kwenye somo letu lenyewe la mipango miji, maana hapa ndipo darasa lilipaswa kuanza.

Kilomita chache kutoka Wicker Park kulikuwa na soko la Maxwell Street. Lilianza na wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1912 jiji likalitambua rasmi. Baadaye wakaja Weusi waliokuwa wanahama kutoka majimbo ya kusini. Wakaja na magitaa yao, wakaomba umeme kwenye nyumba za jirani wakachomeka vipaza sauti, na blues ya Chicago mnayoisikia leo ilinolewa pale barabarani, katikati ya soksi na vyuma chakavu. Halafu wakaja Wameksiko na vyakula vyao. Lile nalo lilikuwa soko huru. Halikuwa na nembo nzuri, halikuwa na jopo la uteuzi, lakini mtu aliyeshuka kwenye treni jana aliweza kuweka meza leo.

Lilikua. Likajaa. Na lilipojaa mji ulifanya nini? Mwaka 1994 likahamishwa ili kupisha upanuzi wa Chuo Kikuu cha Illinois hapa Chicago. Likapelekwa Canal Street, na nafasi zikiwa chache kuliko za mwanzo. Mwaka 2008 likasogezwa tena, Desplaines. Kwa hiyo tunapoambiwa "kisichokua kinakufa", mimi nauliza kuhusu kile kilichokua kikafukuzwa. Miaka tisa tu inatenganisha 1994 na 2003. Mji ni ule ule. Soko la maskini likijaa linaitwa vurugu, la vijana wenye miwani mizuri likijaa linaitwa uchumi wa ubunifu na barabara inafungwa kwa ajili yake. Sue na Kathleen hawakumfukuza mtu Maxwell Street, hilo naliweka wazi. Lakini mhadhiri anayetufundisha la pili bila la kwanza anatufundisha nusu ya mji.

Na mtaa wenyewe je? Ukiifuata ile ile barabara ya Division kuelekea magharibi, unafika mahali panapoitwa Paseo Boricua. Tangu 1995 kuna bendera mbili kubwa za Puerto Rico zimejengwa kwa chuma juu ya barabara, gari zinapita chini yake. Watu wa Puerto Rico walikuwa wengi Wicker Park pia. Miaka ya 80 na 90 wasanii wakahamia kufuata kodi nafuu, nyuma yao wakaja wenye baa, nyuma yao wakaja wenye hela, na kodi haikuwa nafuu tena. Waliokuwepo wakasogezwa magharibi. Mimi nikizitazama zile bendera naona watu wanaosema: tumesogea hadi hapa, hatusogei tena. Maonyesho ya 2003 yalikuta mchakato huo unaendelea, hayakuuanzisha. Ila ukiniambia maonyesho "yameinua mtaa", naomba orodha ya walioinuliwa, tena yenye anwani zao za zamani na za sasa.

Mtu ataniuliza, kwani kuna namna nyingine? Si ndivyo dunia ilivyo? Hapana bwana. Namna zipo, na ukiziweka pembeni pembeni unaona kwamba ukubwa sio tatizo. Tatizo ni nani mwenye mali.

Chukua Etsy. Ilianzishwa Brooklyn mwaka 2005 kama soko la kwenye intaneti la vitu vya mikono, na mafundi waliipenda kama kanisa. Ilikua kuliko maonyesho yoyote duniani. Mwaka 2013 ikalegeza masharti, muuzaji akaruhusiwa kutumia kiwanda cha nje kumtengenezea. Aprili 2015 ikauza hisa sokoni. Kuanzia hapo ilikuwa na mabwana wapya, wanahisa, ambao hawajui kufuma wala kufinyanga ila wanajua kusoma ripoti ya robo mwaka. Kamisheni ilikuwa asilimia 3.5. Mwaka 2018 ikawa 5. Aprili 2022 ikawa 6.5. Wauzaji kwa maelfu wakafunga maduka yao wiki nzima kwa mgomo. Kamisheni ilibaki 6.5. Ndugu yangu wa biashara, hiyo nayo ni kukua, tena kwa kitabu chako ndiyo kukua kwenyewe. Mbona waliokuzwa waligoma?

Sasa nenda kusini ya mji, Hyde Park. Kuna 57th Street Art Fair, yapo tangu 1948. Ndiyo maonyesho ya zamani kuliko yote ya aina yake ukanda huu wa Midwest. Jopo lipo pia. Lakini yanaendeshwa na kamati ya watu wanaojitolea, na hayana mwenye hisa anayesubiri gawio. Miaka zaidi ya sabini, hayana tawi London, na hayajafa! Kwa hiyo ile sentensi ya "kisichokua kinakufa" tuizike rasmi leo, tuweke na maua.

Mfano wa tatu naupenda zaidi kwa sababu unaonyesha mafundi wakiamka. Mwaka 2007 midoli mingi iliyotengenezwa China ilirudishwa madukani kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi. Mwaka 2008 Marekani ikatunga sheria kali: kila kitu cha mtoto kipimwe maabara. Nia njema kabisa. Lakini gharama ya kupima mdoli mmoja ni ile ile uwe umetengeneza milioni au kumi, na mzee anayechonga magari ya mbao gereji kwake angefilisika kwa kosa la kiwanda cha upande wa pili wa dunia. Watengenezaji wadogo wakaungana, wakaunda Handmade Toy Alliance, wakaandika barua, wakaenda kugonga milango Washington. Mwaka 2011 sheria ikarekebishwa, wazalishaji wadogo wakapata nafuu. Hakuna maonyesho yaliyowapa hiyo nafuu kwa kuongeza meza. Waliipata kwa kukaa pamoja kama kundi lenye sauti. Hata baada ya mgomo wa Etsy, baadhi ya wauzaji hawakuishia kulalamika: wakaunda ushirika wao, Artisans Cooperative, na mwaka 2023 wakafungua soko lao la mtandaoni ambalo muuzaji anaweza kuwa mwenye mali. Ni dogo mno ukilinganisha na Etsy. Sawa. Na Renegade yalianza na meza 75.

Kwa nini nawachosha nyinyi na habari za Wamarekani? Kwa sababu kila nikiweka picha za maonyesho haya, napokea barua pepe kutoka nyumbani: "Kaka hii kitu tuilete Bongo, tutafute mdhamini, tupige hela." Nawaelewa. Lakini someni kwanza mkasa wa kwetu wenyewe. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora pale Oysterbay, Dar es Salaam, mwaka 1968 hivi, kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao mwepesi, na kazi zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores. Akafariki 1972, ameuawa kwa risasi ya polisi, maskini. Wanafunzi wake wangeweza kutawanyika, kila mmoja akawa kibarua wa mwenye duka. Badala yake wakaendelea kuchora pamoja na mwaka 1990 wakasajili ushirika. Ushirika una magomvi yake, nani asiyejua? Ila magomvi ya wenye mali ni tofauti na manung'uniko ya wapangaji. Mwenye mali akikasirika anaitisha mkutano. Mpangaji akikasirika anafungasha.

Basi sitaki niwe mtu wa kulaumu tu halafu nikimbie. Haya ndiyo ninayoyadai, kwa maonyesho yoyote yanayojiita huru, ya huku au ya huko:

Moja. Ada ya maombi ifutwe. Ikishindikana, aliyekubaliwa ikatwe kwenye bei ya meza, aliyekataliwa arudishiwe. Ukitaka kupata hela kwangu, nikubali kwanza.

Mbili. Hasara igawanywe. Bei ya meza iwe ndogo, halafu mwandaaji achukue asilimia ya mauzo hadi kiwango kilichokubaliwa mapema. Mvua ikinyesha tulowe wote. Mtaona jinsi matangazo yatakavyoboreka ghafla, teh teh.

Tatu. Fungu la meza, tuseme moja katika kila tano, litolewe kwa bahati nasibu kwa watu ambao hawajawahi kushiriki. Bila jopo. Jopo linachagua kinachofanana na kile linachokijua tayari, na kama mwaka 2003 kungekuwa na jopo la Renegade kwenye mlango wa kila maonyesho, labda Renegade yenyewe isingepita.

Nne. Wenyeji wa mtaa unaofungiwa barabara wapewe meza bila malipo. Wanavumilia kelele zenu, wanakosa pa kuegesha magari, na kodi zao ndizo zinazopanda. Mama anayeuza maandazi kona ile tangu kabla hamjazaliwa asiambiwe siku ya maonyesho kwamba hana kibali.

Tano, na hili ndilo lenyewe. Mafundi wawe na viti mezani pa maamuzi, viti vya kupigiwa kura na mafundi wenzao, si vya kuteuliwa na mwandaaji kwa sababu ni marafiki. Kabla ya kufungua mji mwingine, waulizwe. Kabla ya kupandisha bei, waulizwe. Kabla ya kumkaribisha mdhamini mwenye pombe au magari yake, waulizwe.

Najua jibu litakalokuja: "Ukifanya hivyo hutaweza kukua haraka." Ndiyo. Hutaweza. Ukiwauliza watu mia tatu utachelewa kufika London. Nakubali kulipa bei hiyo, na ningependa wanaokataa waseme wazi ni bei gani wanayoilipa wao, na wanailipa kwa mfuko wa nani. Maana kasi haikosi mlipaji. Hapa mlipaji ni mfinyanzi mwenye vikombe 48 vya kuuza kabla hajapata hata nauli ya kurudi.

Kwa hiyo nyinyi mnaopanga la kwenu, iwe Dar, Arusha, Mombasa au popote: andikeni katiba kabla ya kuchora nembo. Kaeni na wafinyanzi, washonaji, wachonga vinyago na mafundi sandali wa tairi, muandike nani anamiliki jina, nani anashika orodha ya wateja, nani anaamua bei ya meza, na kitatokea nini siku mmoja wenu akitaka kuuza. Mkilimaliza hilo mkiwa kumi na wawili na bado mnasalimiana, tafuteni uwanja. Mkishindwa kulimaliza mkiwa kumi na wawili, hamtaliweza mkiwa mia tatu na mdhamini juu yenu.

Wasiokubaliana nami karibuni, hasa wa kitivo cha biashara. Ila njooni na hesabu, na mniambie mmemweka wapi fundi ndani yake.